Meyer Yupi?

Jumanne iliyopita nilisimama mbele ya jengo moja hapa Oldenburg, Ujerumani, mvua ya upande ikinipiga shingoni, kifurushi cha kilo kumi na tano kwapani, nikisoma majina kwenye kengele. Ghorofa ya kwanza, Meyer. Ya pili, Meier. Ya tatu kushoto, Meyer tena, na kulia kwake, kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha karatasi, Maier. Kifurushi changu kimeandikwa H. Meyer. Nikabonyeza kengele ya chini. Mzee akanijibu kwenye spika, "Mimi si yule anayeagiza-agiza vitu!" Akakata.

Nasambaza vifurushi mwaka wa tatu sasa. Wiki ile ya nyuma yake nilikuwa nimemwachia Meier mzigo wa Meyer, na msimamizi akaniita pembeni akaniuliza kama najua kusoma. Najua kusoma, ndugu zangu. Nimeshika chaki Kigoma miaka minne, darasa la sita, watoto themanini na mmoja. Nilichokuwa sijui ni kwamba jina moja, linalotamkwa vilevile, lina maandishi matano: Meyer, Meier, Maier, Mayer, Mayr. Na kila andiko lina wenyewe, na wenyewe ni wakali. Mjerumani wa jina hilo akipiga simu hasemi "naitwa Meyer" akanyamaza. Atasema "Meyer, kwa e na y", kama sisi tunavyotaja namba ya simu. Huku kaskazini e ndiyo nyingi. Ukishuka Bavaria unakuta a. Nimeshaanza kumjua mtu atokako kwa herufi ya pili ya jina lake, ujuzi ambao Kigoma hautanipa hata kikombe cha kahawa.

Maana yenyewe ya jina? Nyapara. Zamani meier alikuwa msimamizi wa shamba la bwana, mkusanyaji wa mazao na kodi, na neno limetoka kwenye Kilatini cha "mkubwa". Wenzetu hawa majina yao mengi ni kazi tu. Müller ni msaga nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider fundi cherehani. Ni kama mtaa mzima kwetu uandikishwe Fundi na Nyapara, halafu wajukuu wa wajukuu wabaki hivyo hivyo, hata aliye daktari wa meno.

Sasa fikirini nyumbani. Mama akinitumia dagaa nilipokuwa nasoma Tabora, alishona mfuko wa sandarusi kwa uzi wa nailoni, akaandika kwa maka pen: MWALIMU MTARAJIWA, MTOTO WA MAMA ASHA, TABORA, na namba ya simu. Mimi si Asha. Asha ni dada yangu. Jina langu halimo kabisa kwenye mfuko. Mzigo ukafika, na dagaa hawakupungua hata kiganja (haya, kiganja kimoja, konda naye ana watoto). Kwetu Kigoma, mitaa ya Kibirizi au Mwanga, hakuna kengele yenye jina. Anayeleta mzigo anapiga simu: "Niko hapa kwenye mwembe, nyoosha na njia?" Unamwambia anyooshe, akiona duka la bluu aulize. Duka la bluu lilipakwa kijani miaka mitano iliyopita, lakini kila mtu analijua kuwa la bluu.

Na hapa ndipo ninapowasikia mnaguna. "Huyo ameshaanza. Ametoka juzi tu, leo anatucheka kwa kukosa anwani." Sichekei. Ningekuwa nacheka nisingesimama mvuani nikiutamani ule mwembe. Ninachosema ni kwamba huku jina linatangulia, mtu anafuata nyuma yake, na herufi moja ikipotea mtu naye hayupo. Kwetu anatangulia mtu. Jina tutamtafutia baadaye, akishakula.

Hilo limenigharimu. Mimi kwenye pasi ya kusafiria nina jina langu, la baba, na la babu mwishoni: Bigirimana. Mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, shuleni mwalimu alimwandika majina mawili tu, akaishia na la baba: Hamisi. Nilipotaka kumwalika aje wiki tatu, dada mmoja wa ofisini aliziangalia karatasi, akaniangalia mimi, akarudia karatasi. "Ndugu yako kabisa? Na jina la ukoo tofauti?" Nikamweleza kwamba kwetu jina la ukoo ni jambo la kujaza fomu, kila mtu anachukua la babu yake au la baba yake kulingana na nafasi iliyobaki kwenye mstari. Akaandika kitu kirefu sana. Sijui alichoandika mpaka leo. Mdogo wangu hakuja.

Kwa hasira hiyo nikaanza kuwafuatilia akina Meyer, niwajue ni watu gani hawa wanaoheshimiwa hadi kwenye y. Nikawakuta kila mahali. Nikipeleka mizigo Varel, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kuna shule ya sekondari inaitwa Lothar-Meyer. Huyo alizaliwa hapo Varel mwaka 1830, mkemia, mmoja wa waliopanga elementi kwenye jedwali, na mwaka 1882 akapewa nishani ya Davy huko London pamoja na Mendeleev wa Urusi. Mimi nimesoma kemia nikakariri Mendeleev peke yake. Berlin kulikuwa na Meyers Hof, jengo la vyumba vya kupanga la miaka ya 1870, nyua zimepangwa moja nyuma ya nyingine hadi ndani kabisa, likijaa wapangaji kama elfu mbili. Chumba na familia, choo cha pamoja. Yaani hata uswahilini kwao kulikuwa na jina la mwenye nyumba.

Lakini Meyer aliyenikalisha chini ni wa Papenburg.

Papenburg ni saa moja na kitu kwa gari kutoka kwangu. Kuna kiwanda cha kuunda meli, Meyer Werft, kilichoanza mwaka 1795 na mashua za mbao. Leo wanaunda meli za kitalii zenye urefu wa zaidi ya mita mia tatu, na kwa kuwa kiwanda kiko mbali na bahari, meli inashushwa kwa mto Ems kinyumenyume, taratibu, watu wamejipanga kwenye tuta na watoto na thermos za chai kuangalia. Mwaka 2024 mambo yaliwawia magumu, serikali ikaingia na kuchukua karibu asilimia 80 ya hisa. Jina halikuguswa.

Nilikwenda siku ya mapumziko, nikalipa kiingilio, nikamuuliza kijana aliyekuwa akituongoza: mnaijua Liemba? Macho yakamwaka. "Goetzen!" akasema. Ndugu zangu wa Kigoma, mnaisikia? Meli yetu. Ile ambayo tukisikia honi yake utotoni tulikuwa tunashuka mbio hadi Ziwa Tanganyika bila viatu. Iliundwa pale mwaka 1913, wakaiita Graf von Goetzen, wakaifungua tena kipande kimoja kimoja, wakaitia kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaenda kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda wakasafiri nayo kuja kuiunganisha. Ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, vitani, Wajerumani walipokimbia, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kwanza wakaipaka mashine grisi nene, maana fundi hana moyo wa kuua alichokiunda. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Majina ya mafundi wale watatu yanajulikana: Rüter, Wendt, Tellmann. Niliyasoma nikiwa nimekaa garini kwenye maegesho ya Papenburg, na nikaona hasira zinapanda tena, safari hii si za kengele. Babu yangu Bigirimana alikuwa kuli bandarini Kigoma miaka ya hamsini. Magunia ya Liemba yalipita mgongoni mwake, mpaka bega la kulia likawa chini kuliko la kushoto, na akifunga kanzu ilikaa upande. Nitalikuta wapi jina lake? Nani anayajua majina ya waliogonga ribiti zile, waliochochea makaa, manahodha wetu wa mwanzo? Nimeuliza wazee wa Ujiji. "Alikuwepo mmoja, yule mrefu." Mrefu nani? "Yule baba yake na wale wa pale kwenye kisima."

Hapo mjuaji mmoja ananijibu, na namsikia vizuri kwa sababu ni rafiki yangu wa chuo: "Mjerumani ndiye hakuandika majina yetu. Unamlaumu babu yako kwa kitabu alichokishika mkoloni?" Ana haki. Chukua Meyer mwingine, Hans, wa ukoo tofauti na wa Papenburg. Huyu alikuwa mjukuu wa Joseph Meyer, mchapaji aliyetoa ensaiklopedia ya juzuu 52, na fedha za vitabu ndizo zilizompandisha Kilimanjaro. Mwaka 1888 alikamatwa na watu wa Abushiri akatoka kwa fidia. Mwaka uliofuata, Oktoba 6, akafika kilele cha Kibo na Purtscheller, mpanda milima wa Austria, akakiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, akabeba na jiwe akampelekea Kaizari. Lilikwenda kubandikwa kwenye ukuta wa kasri la Potsdam, katikati ya makombe ya bahari. Aliyebaki kambi ya juu akipika na kulinda hema, kwenye baridi ile, alikuwa Mwini Amani wa Pangani. Kilele cha juu cha Mawenzi, mita 5,149, hadi leo kinaitwa Hans Meyer. Pango unalopumzikia ukipanda usiku kutoka Kibo Hut, Hans Meyer. La Mwini Amani sijalisikia hata kwenye kijiwe cha wapagazi. Naam, kalamu ilikuwa mkononi mwa mwenyewe.

Sawa. Lakini kilele kile cha Kibo tulikibadilisha jina mwaka 1961, tukakiita Uhuru, na Luteni Nyirenda wa jeshi letu akapandisha mwenge. Kalamu ilikuwa mkononi mwetu tangu siku ile. Mzee Lauwo wa Marangu, anayesemwa alimwongoza Meyer mlimani, alikumbukwa lini kwa heshima? Mwaka 1989, miaka mia imetimia, na bado tunabishana kama alikuwemo au hakuwemo, kwa sababu hakuna aliyekaa naye na daftari angali kijana. Hayo nayo ni ya mkoloni? Usiniambie nimekuwa Mzungu. Mimi huku ni mtu wa kubeba mizigo, kama babu, tofauti ni kwamba nina gari na mashine ya kupiga skani, na kila kifurushi nilichokabidhi kina saa, dakika na jina langu. Siku nikifa, kompyuta fulani itajua kwamba Jumanne ile saa sita na dakika kumi na mbili nilikuwa mlangoni kwa Meyer.

H. Meyer nilimpata, kwa habari yenu. Ghorofa ya tatu, bibi wa miaka themanini hivi, vitambaa vya sufu vilijaa kwenye kochi. Nikamuuliza kama ni wa kile kiwanda cha meli. Akacheka hadi akakohoa. Kila mtu humuuliza hivyo, na marehemu mumewe alikuwa dereva wa basi. Nikamwonyesha picha ya Liemba kwenye simu, imetia nanga gizani, mitumbwi imeizunguka na abiria wakipanda na kuku na mananasi. Akavaa miwani. Akaniuliza wewe hapo unaitwaje. Nikamtajia la babu. Akalirudia mara tatu, silabi moja moja, Bi-gi-ri-ma-na, akataka kujua kama "gi" ni kwa g au kwa j. Nikiri kwamba kuna kitu kilinikaba kooni. Kigoma hakuna aliyewahi kuniuliza linaandikwaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kulihitaji. Mimi ni mtoto wa Mama Asha.

Nilipofika nyumbani jioni nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni na mwenzangu wa kampuni nyingine. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniwekea kibao kipya cha kengele, kizuri, cha shaba, kimechongwa BIGIMANA. Kifurushi changu kimerudishwa. Sababu iliyotiwa alama ya vema: jina halipo kwenye jengo hili.