Kufunga stesheni sawa, lakini kuivunja ilikuwa ya nini? Kisa cha Elmhurst

Ubishi wa stesheni iliyofungwa huwa una pande mbili tu, hawa wanasema wananchi wametupwa, wale wanasema abiria hawakuwepo sasa mlitaka treni imsimamie nani. Stesheni ya Elmhurst kule Queens, New York, ni mfano mzuri kwa sababu pande zote mbili zina ukweli wao, ila mimi naona wote wanang'ang'ania swali la kufunga, na swali la kuvunja linapita kimyakimya wakati ndo lenye madhara ya kudumu.

Elmhurst ilikuwa kwenye tawi la Port Washington la Long Island Rail Road, reli ya watu wanaoingia Manhattan kazini na kurudi nyumbani kila siku. Njia ilianza miaka ya 1850, mtaa bado ukiitwa Newtown. Januari 1985 stesheni ikafungwa, sababu iliyotolewa abiria wachache, baadaye majukwaa yakaondolewa na treni zikawa zinapita tu.

Tuanze na waliofunga manake hawa hutukanwa bila kusikilizwa. Kusimamisha treni kuna gharama hata kama hakuna anayepanda. Inabidi ifunge breki, isimame, milango ifunguke na kufungwa, halafu ianze upya kuchukua mwendo, kwa hiyo weka kama dakika 2 zimeondoka. Treni ikiwa na watu 800 ndani hizo ni dakika 1,600 za watu, zaidi ya saa 26, kwa safari moja, ili wapande labda watu wanane. Hapo hujagusa taa, ngazi, theluji ya kuondoa wala ukarabati. Na watu wa Elmhurst hawakuachwa njiani bila usafiri, treni ya chini ya ardhi ilishafika mtaani kwao tangu 1936, inakuja mara nyingi na nauli yake ndogo. Ongeza na hali ya MTA yenyewe miaka ile, yaani mamlaka ya usafiri ya New York yenye reli hii na treni za chini, ndo kwanza 1982 walikuwa wameanza mpango mkubwa wa kufufua mfumo uliochakaa mpaka treni zinaharibika ovyo, kila dola ilikuwa inagombaniwa. Mimi ningekuwa kwenye kile kiti na zile hesabu mbele yangu sijui kama ningepiga kura tofauti.

Sasa upande wa pili, na hapa ndo hesabu inaanza kutiliwa shaka. Abiria walikuwa wachache, sawa, wachache kwa nini? Reli hii imekuwa na bei yake mbali na treni ya chini ya ardhi hata ukiwa ndani ya jiji lilelile, chini ya mamlaka ileile ya MTA. Mwaka 2023, baada ya punguzo kabisa, tiketi ya ndani ya jiji kwa saa za msongamano ilikuwa dola 7 wakati treni ya chini ni dola 2.90, na ukishuka kwenye reli ukitaka kuendelea na treni ya chini unalipa tena. Mtaa wenyewe umejaa wahamiaji na wafanyakazi wa kipato cha kawaida, nani atalipa zaidi ya mara mbili kila asubuhi? Kwa hiyo ukienda kuhesabu vichwa pale jukwaani unapima bei, halafu unaandika kwenye ripoti kwamba watu hawaitaki treni. Na stesheni ikishaonekana haina watu hairekebishwi, haiongezewi treni, waliobaki wanahama nao, mwaka unaofuata takwimu zinakuwa mbaya zaidi, ni kama duka linalofunguliwa saa moja kwa siku halafu mwenyewe analalamika wateja hawaji.

Tena Elmhurst haikuwa peke yake. Machi 1998 reli hiyohiyo ilifunga stesheni 10 kwa mpigo, zikiwemo Glendale, Fresh Pond, Haberman, Penny Bridge na Richmond Hill. Hoja safari hii ilikuwa ya kiufundi, yanakuja mabehewa mapya ya ghorofa yanayohitaji majukwaa yaliyoinuliwa usawa wa milango na stesheni hizo zilikuwa na abiria wa kuhesabu kwa vidole, kujenga majukwaa mapya kote ingekuwa kumwaga hela. Hoja nzuri tu hiyo, naikubali. Ila kati ya hizo 10 ilikuwemo Southampton College, na mwaka 2018 mashindano ya gofu ya US Open yalipofanyika pale jirani, Shinnecock Hills, lilijengwa jukwaa la muda ili watazamaji washuke. Gofu ya siku chache si sawa na huduma ya mwaka mzima, najua, lakini angalau ile habari ya "haiwezekani" tusiambiane tena, tuseme tu haikuwa kipaumbele.

Turudi kwenye kuvunja. Miaka ya 2010 wanasiasa wa eneo, akiwemo mbunge Joseph Crowley na diwani Daniel Dromm, walianza kudai stesheni ya Elmhurst irudi kwa sababu mtaa ulishajaa na treni za chini zimebanana. MTA wakasikiliza, mradi ukaingia kwenye mpango wa uwekezaji wa 2015 hadi 2019, na mpango ukaisha bila jukwaa hata moja. Ugumu wenyewe ni kwamba hapo hufungui mlango uliokuwa umefungwa, unajenga stesheni mpya, na stesheni mpya Marekani lazima ifuate sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, yaani lifti au njia za mteremko, majukwaa ya kisasa, kila kitu. Haki kabisa iwe hivyo. Lakini ona kilichotokea, kufunga kuliokoa hela kidogo kila mwaka, kuvunja kukazidisha bei ya kubadili mawazo, na ile bei haikuwemo kwenye hesabu za 1985.

Watakaonijibu watasema jengo lililoachwa ni hatari, na wako sahihi. Stesheni ya Newhaven Marine kule Uingereza ilifungiwa abiria 2006 kwa sababu paa lilikuwa bovu, ila kisheria ilikuwa bado haijafungwa, basi treni tupu ikawa inaendelea kwenda pale na ukitaka kusafiri unapewa teksi. Paa likabomolewa 2017, kufungwa rasmi kukaja 2020. Kichekesho cha miaka 14. Na kubaki imesimama si dhamana ya kurudi, Richmond Hill jukwaa lake bado lipo na hakuna treni ya abiria inayosimama.

Upande huohuo wa Uingereza lakini kuna stesheni ya Denton, karibu na Manchester, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inapata treni moja tu kwa wiki ili kukwepa mlolongo wa sheria ya kufunga. Upuuzi, lakini jukwaa lipo, na kuna wakazi waliojikusanya kuitunza na kudai treni zaidi. Siku wakubwa wakikubali, pale itabidi kubadili ratiba na kurekebisha, si kuanza na mchoro kwenye karatasi.

Kwa hiyo mimi ningetenganisha maamuzi. Kufunga kuamuliwe kwa abiria na hela za leo, sina tatizo. Kuvunja kuwe na kikao chake, na anayetaka kuvunja atoe kwanza makadirio ya kujenga upya kwa viwango vya sasa. Paa likiwa bovu liondolewe, ngazi zizibwe, ila nafasi ya jukwaa pembeni ya reli isiguswe wala isiuzwe. MTA hiyohiyo ilifungua Grand Central Madison, stesheni mpya ya reli hii chini ya ardhi kule Manhattan, mwaka 2023 kwa zaidi ya dola bilioni 11, na treni za tawi la Port Washington zinaingia humo, zikiwa zimepita Elmhurst bila kusimama.