Mshindi apewe mzigo?

Mashabiki wa mbio za magari kwenye gereji za Unga Limited, hapa Arusha, hawakubaliani hata kuhusu plagi. Ubishi wao wa sasa umetoka Uingereza, kwenye BTCC, ubingwa wa magari ya saluni ulioanza mwaka 1958: je, ni haki anayeshinda apunguzwe makali ili wenzake wamkaribie?

Msimu wa BTCC una wikendi 10, na kila wikendi kuna mbio tatu. Kwa miaka mingi anayeongoza alifungiwa vipande vya madini mazito ya risasi ndani ya gari. Mwaka 2021 vilifika kilo 75. Ni kama kupakia abiria mnene asiyeshuka: breki zinachelewa kushika, tairi zinaisha mapema, na gari likitoka kwenye kona linajikokota. Mwaka 2022 mzigo ukafutwa, magari yakapewa msaada wa umeme na anayeongoza akapunguziwa sekunde za kuutumia. Tangu 2025 umeme nao haupo, kinachopunguzwa ni msaada wa ziada wa tabo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini.

Wanaopinga wana hoja nzito. Fundi kakesha akilinyoosha gari, dereva kafanya kazi yake, halafu malipo ni adhabu! Mbio ya tatu ndiyo inaudhi zaidi, maana kura huamua ni wangapi wa mbele wapangwe kinyume, hivyo aliyemaliza nyuma kidogo anaweza kuanza wa kwanza. Hiyo mimi naiita bahati nasibu, wala siitetei.

Mzigo ni jambo jingine. Kila mtu alijua kabla ya mbio nani anabeba nini. Na dereva Ashley Sutton alitwaa ubingwa wa 2020, kisha akautwaa tena 2021, msimu uleule wa kilo 75. Kwa hiyo uwezo wake haukufichwa, ulipimwa. Ubingwa unaoamuliwa mwishoni pia huwabakiza watazamaji na wafadhili, bila hao hakuna mbio.

Ninapoachana na watetezi ni pale wanapotaka mzigo huo uletwe kwenye rali zetu. Brands Hatch, moja ya viwanja vya BTCC, ni lami, magari yanabanana. Rali kila mtu anapambana na saa peke yake, na kilo 75 kwenye mawe zitavunja shokapu kabla hazijaleta ushindani.

Halafu rali ina adhabu yake tayari. Kwenye ubingwa wa dunia, anayeongoza kwa pointi huanza wa kwanza siku ya kwanza, akawafagilia wenzake changarawe. Lakini jaribu hilo njia za Monduli wakati wa kiangazi, upepo umetulia: wa kwanza anaiona barabara yote, wa pili anakula vumbi lake. Adhabu imegeuka zawadi.

Tatizo letu kubwa ni mfuko. Mwenye gari jipya la Rally2, daraja la magari ya kisasa ya rali, na mwenye Subaru ya zamani hawawezi kusawazishwa kwa vyuma. Wanasawazishwa kwa madaraja yanayoheshimiwa, yenye zawadi inayofidia walau matairi. BTCC wenyewe wana kombe la madereva wasiofadhiliwa na viwanda, lenye pointi zake. Hilo ndilo ningeanza kuliiga, na Subaru za Unga Limited zingekuwa na sababu ya kumaliza msimu.