Kabali si kukumbatiana

Kila Jumapili yenye pambano kubwa la UFC huko Marekani, yale mashindano ya ngumi, mateke na mieleka pamoja, mimi na ami yangu hukosana. Hapa Mombasa pambano kuu hutufikia asubuhi, saa moja au saa mbili, wakati ami anarudi na mahamri na mbaazi. Husimama mlangoni, akaona wanaume wawili wamelala chini, basi. "Hawa wakumbatiana hivi hadi lini? Si wapigane!"

Barazani kwetu Mji wa Kale wengi wako upande wake. Mtu akiangushwa kwa ngumi, watu wanaruka. Akikabwa, wanaulizana kama pambano limekwisha.

Mimi shahidi wangu ni Charles Oliveira, Mbrazili wa Guarujá. Aliingia UFC Agosti 2010, akammaliza Darren Elkins kwa sekunde 41. Mwaka 2012 alimbana Eric Wisely shavu la mguu mpaka akasalimu amri, mbano ambao haukuwa umewahi kumaliza pambano humo. Septemba 2018 akaivuka rekodi ya mkongwe wa UFC, Royce Gracie, ya kuwagongesha wapinzani 10, yaani kuwabana mpaka wagonge kwa mkono kusalimu amri. Katikati ya hayo alichapwa pia, tena sana, na mkanda wa ubingwa aliupata Mei 2021, karibu miaka 11 baada ya kuingia. Siku hiyo alimmaliza Michael Chandler kwa ngumi, kwa hivyo ami alifurahi.

Kijana wa ami, anayejifunza jujitsu, aliwahi kunionyesha kabali ya nyuma, ile vijana wanaiita ngeta. Mkono ukapita chini ya kidevu, kiwiko kikakaa sawa na koromeo bila kuligusa. Nilitaraji kukosa pumzi. Kumbe pumzi ninayo, ila masikio yakaanza kuvuma na taa ya sebuleni ikawa mbali. Kinachobanwa ni mishipa miwili inayopeleka damu kichwani, na sekunde kumi hivi zatosha mtu kuzimia. Niligonga mkeka upesi. Siku mbili shingo haikugeuka vizuri, na mke wangu alicheka zote mbili.

Sasa njoo Mei 2022, Phoenix. Oliveira alipanda mizani akazidi kiwango cha uzito kwa nusu ratili. Nusu ratili! Haifiki robo kilo ya sukari, na kwa hiyo akavuliwa mkanda. Usiku wa pambano Justin Gaethje akampiga ngumi, Oliveira akaenda chini. Ndipo nilipomwita ami kutoka jikoni, kwa sababu Gaethje hakumfuata. Alibaki amesimama, akimngoja ainuke.

Ni mpiganaji gani huyo, umwangushe kisha uogope kumkaribia? Hapo ndipo watu wa barazani wanapokosea. Oliveira hurusha ngumi na mateke bila woga kwa sababu kuanguka hakumtishi. Akilala chali ndiyo yuko kwake. Mwenzake anapigana huku anachunga mguu usiteleze. Kabali inafanya kazi hata kabla mkono haujafika shingoni. Raundi hiyo hiyo ya kwanza, Gaethje naye akaangushwa, akapandwa mgongoni, akagonga.

Ami alisema alibahatika.

Oktoba mwaka huo Oliveira akakutana na Islam Makhachev kule Abu Dhabi. Safari hii ilikuwa Jumamosi usiku, na baraza zima lilikuwa la Islam; Oliveira alibakiwa na mimi tu. Raundi ya pili Islam alimdondosha kwa mkono wa kulia na, tofauti na Gaethje, akamfuata hukohuko chini. Akamfunga kabali ya bega, Oliveira akagonga.

Ami alikuwa wa kwanza kusimama. Kofia ilimtoka, akapiga takbiri mpaka jirani akafungua dirisha.

"Ami," nikamwambia, "si walikuwa wakumbatiana tu?"

Aliokota kofia yake, akaniuliza kama kahawa imebaki.