Namtetea Comte de Chambord

Kila inaposimuliwa habari ya waliodai taji la Ufaransa katika karne ya 19, msimuliaji akifika mwaka 1873 huanza kucheka. Bunge limejaa watu wanaotaka mfalme, mfalme mwenyewe, Comte de Chambord, yupo na ana afya yake, magari ya farasi ya kumwingiza Paris yameshaundwa, na yeye anakataa kukalia kiti cha babu zake kwa sababu hapendi rangi za bendera. Mpumbavu, wanasema. Mimi nakataa. Naamini mtu huyu ndiye pekee katika mkasa ule aliyesema wazi anachokitaka, na aliyekubali kukikosa kuliko kukipata kwa maneno ya kudanganyana.

Tuanze na damu, maana ilikuwa baina ya matawi mawili ya ukoo wa kifalme, Bourbon na Orléans. Mfalme Louis XVI, wa Bourbon, alikatwa kichwa Januari 1793, wakati wa Mapinduzi. Miongoni mwa wabunge waliopiga kura auawe alikuwemo mtu wa ukoo wake mwenyewe, mkuu wa nyumba ya Orléans, aliyejibadili jina akawa Philippe Égalité. Gilotini, mashine ileile ya kukatia vichwa, ikammeza naye Novemba mwaka uleule. Vizazi vya pande hizo mbili viliirithi kura ile pamoja na majumba na mashamba.

Kisha ikaja 1830. Charles X, mdogo wa Louis XVI, alitia saini amri za kuyabana magazeti na kulivunja bunge, Paris ikaweka vizuizi mitaani kwa siku tatu za Julai, na tarehe 2 Agosti mzee akaliachia taji kwa mjukuu wake Henri, mtoto wa miaka 9. Louis-Philippe wa Orléans, mwana wa yule Égalité, ndiye aliyekuwa amekabidhiwa dhamana ya nchi, na ndiye aliyeombwa amtangaze mtoto kuwa mfalme. Hakumtangaza. Tarehe 9 Agosti alikula kiapo mbele ya wabunge, akawa mfalme yeye. Walioshika haki ya mtoto wakaitwa Walejitimisti, waliomfuata mpya wakaitwa Waorleanisti, na kwa wale wa kwanza huu ulikuwa wizi mtupu.

Huyo Henri ndiye Comte de Chambord wetu. Baba yake, Duc de Berry, alichomwa kisu alipokuwa akitoka ukumbi wa opera Februari 1820. Mtoto akazaliwa Septemba, akaitwa mtoto wa muujiza, kwa kuwa bila yeye tawi lile la Bourbon lingekauka. Watu walichanga fedha nchi nzima wakamnunulia kasri la Chambord, ambako jina lake lilitoka.

Mama yake ana kisa ambacho singeweza kukipita. Mwaka 1832 aliingia Ufaransa kwa siri kuiamsha Vendée, eneo la magharibi lililoshikamana na wafalme, ipigane kwa ajili ya mwanawe. Mapigano yaliposhindwa alijificha Nantes, ndani ya kijichumba kilicho nyuma ya meko ya kuotea moto, hadi askari waliokuwa wakilinda nyumba walipowasha moto bila kujua kuna mtu, na joto likamtoa. Akafungwa katika ngome ya Blaye, na huko, Mei 1833, mjane huyu akajifungua binti. Ilibidi atangaze kwamba alikuwa ameolewa kwa siri na mwungwana wa Italia. Serikali ya Louis-Philippe ilihakikisha habari hiyo imeenea kila mahali. Mke wa Louis-Philippe alikuwa shangazi yake wa damu. Anayeshangaa kwa nini mtoto wa mama huyu hakuwaamini watu wa Orléans angeanzia hapo.

Zamu ya Louis-Philippe ilifika Februari 1848. Naye alikimbia, naye aliliachia taji kwa mjukuu, Philippe, Comte de Paris, naye huyo mtoto alikuwa na miaka 9, na naye alikataliwa. Wadai wa tatu wa taji walikuwa watu wa Bonaparte. Louis-Napoléon, mpwa wa Napoléon wa kwanza, alichaguliwa rais Desemba 1848, akapindua katiba tarehe 2 Desemba 1851, akawa kaisari mwaka uliofuata, na akashindwa vitani Sedan na Waprusi, Wajerumani wa kaskazini, Septemba 1870.

Hivyo Februari 1871 Ufaransa ikapiga kura ikiwa imeshindwa vita. Wabunge wapatao 400, zaidi ya nusu, walikuwa wa upande wa wafalme. Hili ndilo husababisha watu waseme taji lilikuwa mkononi mwa Chambord. Mimi naona hesabu hii inapotosha. Wakulima waliwapa kura hao mabwana kwa sababu waliahidi amani, huku kina Gambetta, viongozi wa upande wa jamhuri, wakitaka vita viendelee. Ulipofanyika uchaguzi wa viti vya kujazia Julai mwaka huohuo, amani ikiwa imeshapatikana, wafuasi wa jamhuri walivizoa vingi mno. Bunge lilitaka mfalme. Sina hakika hata kidogo kwamba nchi ilimtaka.

Siku tatu baada ya uchaguzi huo, tarehe 5 Julai 1871, Chambord alitoa tangazo lake: Henri V, yaani yeye mwenyewe, hawezi kuiacha bendera nyeupe ya babu yake wa kale Henri IV. Ilipepea juu ya susu yake, akasema, na anataka itie kivuli kaburi lake. Hakuna aliyeweza kudai hakuonywa. Tangazo lilichapishwa, likasomwa, likajadiliwa. Na bado, Agosti 1873, baada ya rais Thiers kuangushwa na bunge, na jemadari MacMahon kushika urais mahali pake, Comte de Paris alikwenda Frohsdorf, Austria, kumtambua binamu yake kuwa mkuu wa nyumba yote ya kifalme. Ilikuwa hatua ya kiungwana na siibezi. Lakini wenzake wengi walikuwa na hesabu nyingine: Chambord ana miaka karibu 53, hana mtoto, atawale kidogo, kisha taji litawaangukia wao. Walitaka mfalme wa kuwashikia nafasi.

Oktoba wakamtuma mbunge Chesnelong kwenda Salzburg. Mazungumzo yalikuwa marefu na ya adabu, na suala la bendera likaachwa nusunusu, kila upande ukitumaini mwingine atalegea. Chesnelong aliporudi Paris, wanasiasa wakayatia majibu ya Chambord sukari, na habari zikatoka kana kwamba bendera ya rangi tatu imekubaliwa. Hapo ndipo Chambord alipoandika barua ya tarehe 27 Oktoba, akaipeleka gazetini. Wanamtaka, alisema, aanze utawala wenye nguvu kwa kitendo cha udhaifu. Nafsi yangu si kitu, aliandika, msingi wangu ndio kila kitu. Nikipunguzwa leo, kesho sitakuwa na uwezo.

Nasoma maneno hayo na siwezi kucheka. Bendera ya rangi tatu ilikuwa ya Mapinduzi ya 1789, na ilirudi 1830 siku babu yake alipofukuzwa. Katiba ya 1814 ilitolewa na mfalme kwa hiari yake, ile ya 1830 ilikuwa mapatano kati ya mfalme na wabunge. Kuikubali bendera ile kulimaanisha kukubali kwamba taji ni ajira inayotolewa na bunge, na bunge linaloajiri hufukuza. Mimi si mpenzi wa wafalme, na kama ningekuwa Mfaransa wa wakati ule ningepiga kura ya jamhuri bila kusita. Lakini alikuwa sahihi kuhusu nafsi yake: mfalme wa namna waliyoitaka, Louis-Philippe, alishajaribiwa miaka 18, na mwisho wake ulikuwa 1848.

Wafuasi wa ufalme waliobaki bila mfalme wakanunua muda. Tarehe 20 Novemba 1873 walimpa MacMahon urais wa miaka saba, wakingoja Chambord afe. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Januari 1875 jamhuri ilipenya kwenye sheria kwa kura 353 dhidi ya 352, na MacMahon akajiuzulu Januari 1879, Chambord akiwa bado hai. Muhula wa miaka saba uliobuniwa kumsubiria mtu afe uliendelea kuwafunga marais wa Ufaransa hadi kura ya maoni ya mwaka 2000.

Chambord alifariki tarehe 24 Agosti 1883. Mjane wake alikataa Comte de Paris awe wa kwanza kwenye msafara wa mazishi, naye hakwenda. Wafuasi wengi wa Chambord walihamia kwa Comte de Paris hata hivyo. Wachache waliona afadhali wamtafute Mbourbon wa Hispania, ingawa tawi hilo lilikuwa limeahidi katika mkataba wa Utrecht wa 1713 kutolidai taji la Ufaransa. Mzozo wa pande hizo mbili ulifika hadi mahakamani Paris, kila mmoja akidai haki ya kutumia nembo ya maua matatu ya yungiyungi, na mwaka 1988 mahakama ya jamhuri ikayatupilia mbali madai ya mtu wa Orléans.