Msikichomoe hicho kidude ukutani

Wiki nzima nimejizuia nisiandike hii kitu maana najua nikianza sitaishia njiani, lakini juzi usiku kwenye grupu letu la WhatsApp la Watanzania wa huku Ontario, Canada, kuna kaka mmoja kaweka ujumbe mrefu kuhusu kanuni mpya za alamu za kaboni monoksaidi (ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye vitu vinavyoungua), zile zilizoanza tarehe 1 Januari 2026, kwamba kama nyumba ina kifaa kinachochoma gesi au mafuta au kuni, au ina gereji iliyoungana nayo, basi kila ghorofa iwe na alamu yake, sio karibu na vyumba vya kulala tu kama zamani. Akamalizia hivi: "Kwangu ni kwangu, serikali itaniambia mpaka cha kutundika ukutani?" Watu wakamwagia dole gumba. Nimehesabu, kumi na saba. Na katika hao kumi na saba nawajua wanne wanaokaa besmenti, ile ghorofa ya chini ya ardhi, na watoto wadogo.

Nimelala na hasira, nimeamka nayo. Naandika sasa.

Winta yangu ya pili hapa London (hii London ya Ontario) tulikuwa tumepanga besmenti, mimi, mume wangu, mtoto wetu ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili, na mdogo wangu wa kike aliyekuja kusoma. Theluji ilianguka siku mbili bila kupumzika. Siku ya pili jioni mimi kichwa kinaniuma, mdogo wangu naye kichwa kinamuuma, mtoto katapika mara mbili. Tukasema ni mafua. Homa hakuna lakini tukasema ni mafua tu, kila mtu anaumwa msimu huu, nikachemsha tangawizi na ndimu, tukafunga milango vizuri tusipigwe na baridi. Tulifunga milango, hebu fikirieni.

Kama saa tano usiku kile kidude cha alamu cha kwenye korido kikaanza kulia. Milio minne ya haraka, kinanyamaza, tena minne. Mume wangu alikuwa ametoka shifti, amechoka, akasema hii ni betri imeisha. Akapanda kwenye stuli, akakizungusha kikatoka ukutani, akachomoa betri, akakitupa kwenye droo ya vijiko. Kimya. Akarudi kulala. Nakumbuka hata nilimshukuru, maana mtoto ndio kwanza alikuwa amepata usingizi.

Aliyetuokoa ni mdogo wangu. Alikwenda kutafuta kijiko cha kumpa mtoto dawa, akafungua droo, akakigeuza kile kidude tu basi, mkono wa mtu hautulii, akasoma maandishi ya nyuma. Yameandikwa kabisa: mlio mmoja kila baada ya muda ni betri au kifaa kimeisha umri, milio minne na kunyamaza na minne tena ni gesi, toka nje upesi upige simu. Akaja chumbani anapiga kelele dada amkeni, dada amkeni, mume wangu kuamka akawa anayumba kama mlevi, na yule bwana hajawahi kuonja pombe. Tukatoka na koti juu ya kanga, mtoto kaviringishwa kwenye blanketi, tukasimama barabarani kwenye theluji hadi magotini tunapiga 911, namba ya dharura.

Askari wa zimamoto aliingia ameshika kimashine chake na kikaanza kulia akiwa bado mlangoni. Baadaye alinizungusha pembeni ya nyumba akanionyesha: kuna bomba jeupe la plastiki linatokeza ukutani, chini kabisa, karibu na ardhi, ndilo linalotoa nje hewa chafu ya fanesi, yaani ile mashine inayochoma gesi kupasha nyumba joto. Lilikuwa limefukiwa na theluji lote. Akafukua kwa glovu yake, mara tatu nne tu, bomba likaonekana. Hiyo ndiyo ilikuwa itutoe roho, theluji ya kufukua kwa mkono mmoja.

Na ile alamu, mwenye nyumba aliiweka kwa sababu sheria inamlazimisha. Yeye mwenyewe aliniambia asubuhi yake, tena bila aibu, "nisingelazimishwa nisingeweka." Sasa kaka yangu wa "kwangu ni kwangu," nikujibu nini?

Nirudi nyumbani kidogo. Mimi ni wa Njombe. Anayeijua baridi ya Njombe ya Juni na Julai hahitaji kuambiwa kwa nini watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Sisi tulifundishwa tangu wadogo kwamba mkaa mbaya ni ule unaotoa moshi, huo unauweka nje kwanza upepewe, ukishakolea ukawa mwekundu na moshi umeisha ndio unaingiza ndani, huo ni salama. Bibi yangu aliamini hivyo, mama yangu aliamini hivyo, na mimi nimeingiza jiko hilo chumbani kwa mikono yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na ni uongo. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua, kwa sababu moshi angalau unakuchoma macho, unakohoa, unafungua dirisha. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Inaingia kwenye damu na kushikana nayo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, damu inazunguka mwilini haina ilichobeba. Unasikia kichwa, unasikia kichefuchefu, miguu inalegea, unasema ngoja nijilaze kidogo.

Nilikuwa darasa la sita, kuna kijana na mkewe walipanga nyumba ya jirani, hawana hata mwaka kwenye ndoa. Julai hiyo asubuhi hawakufungua mlango. Ulipovunjwa wakakutwa wamelala, wamejifunika vizuri, na jiko pembeni ya kitanda limejaa jivu. Hakuna damu, hakuna moshi, hakuna kilichoungua. Basi mtaa mzima ukasema uchawi. Akatafutwa mchawi na akapatikana, baba mdogo wa yule kijana, kwa sababu waligombana shamba mwaka uliopita. Yule mzee alihama. Mpaka leo hizo familia mbili hazizikani. Mkaa umeua watu wawili na bado ukavunja ukoo, na hakuna aliyeutaja mkaa.

Ndio maana mtu akiniambia "mimi mtu mzima, najua mwenyewe hatari ya nyumbani kwangu," huwa nataka kulia. Hujui, ndugu yangu. Sio kwa sababu huna akili, ni kwa sababu Mungu hakutupa kiungo cha kuijua hii gesi. Pua haiijui. Jicho haliijui. Mwizi utamsikia, moto utaunusa, huyu humsikii mpaka umeshapoteza nguvu ya kusimama.

Na msidhani ni kitu cha sisi wageni au watu wasiosoma. Kila nikienda Toronto napita mji wa Woodstock kwenye barabara kuu ya 401, na kila nikipita pale nawakumbuka watu wanne ambao sikuwajua. Mwishoni mwa 2008, baba, mama na watoto wao wawili walikufa ndani ya nyumba yao pale Woodstock. Familia ya Hawkins. Bomba la kutolea hewa la meko ya gesi liliziba, gesi ikarudi ndani. Mama wa nyumba ile alikuwa askari polisi wa mkoa. Mjomba wake, John Gignac, alikuwa amestaafu zimamoto kule Brantford. Ukoo una polisi, una zimamoto, na nyumba haikuwa na alamu ya kaboni monoksaidi! Kama hao hawakuwa nayo, mimi na wewe wa besmenti tungeikumbuka wenyewe bila kulazimishwa?

Yule mzee Gignac akaanza kutembea na hilo jambo. Mbunge wa huko, Ernie Hardeman, akapeleka muswada kwenye bunge la Ontario, ukakwama, akaurudisha tena, mpaka Novemba 2013 ndio ukapita ukaitwa kwa majina ya hizo familia, Hawkins Gignac. Kanuni zenyewe zikaanza kufanya kazi Oktoba 15, 2014. Kwa hiyo kati ya watu wanne kuzikwa na mwenye nyumba wangu kulazimishwa kununua kidude, imepita karibu miaka sita. Kidude cha bei ya viatu vya mtoto. Yukon, kaskazini-magharibi mwa Canada, nao ni hivyo hivyo, watu watano walikufa kwenye nyumba moja Whitehorse Januari 2012, mwaka uliofuata wakatunga sheria yao. Ukizifuatilia hizi sheria nyingi zimeandikwa hivyo, juu ya kaburi la mtu.

Sasa hii hoja ya "kwangu ni kwangu" naomba niishike vizuri maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwako ni kwako kweli? Gesi inayovuja kwenye fanesi ya chini inapanda kwa aliye juu kupitia matundu ya hita. Gari linalowashwa gereji liwe na joto asubuhi linapeleka hewa yake chumba cha mtoto kilicho juu ya gereji. Mpangaji hachagui fanesi, haichunguzi, hana hata ufunguo wa chumba ilimo. Mtoto wa miaka miwili hajakupigia kura uwe mlinzi wa mapafu yake, na yeye na wazee na wajawazito ndio gesi inawawahi. Wewe ukisema hutaki alamu, unawasemea na hao wote waliolala. Ukitaka kuhatarisha maisha yako peke yako sawa, lakini onyesheni nyumba moja ya Mtanzania huku anayolala mtu mmoja peke yake bila mgeni, bila shemeji, bila mtoto wa mtu aliyekuja kuanza maisha.

Wengine wanasema zinalia bila sababu. Baadhi ni kweli, ila nyingi mnazoziita bila sababu zina sababu. Alamu za huku zimepimwa zilie baada ya muda, kiwango kikiwa 70 (yaani sehemu 70 za gesi hiyo katika sehemu milioni moja za hewa) inaweza kusubiri kati ya saa moja na saa nne ndio ilie, kikifika 400 inalia ndani ya dakika 4 mpaka 15. Maana yake ikilia ujue tayari umeshaivuta. Ukifungua dirisha ikanyamaza usiseme "unaona, ilikuwa bure."

Gharama, haya, nakubali. Kwa mtu aliyefika mwezi jana na anahesabu senti za basi, alamu tatu ni pesa. Lakini kama umepanga sheria inamtaka mwenye nyumba aweke na aipime kila mwaka na kila mpangaji mpya akiingia, wewe kazi yako ni usiichomoe na umwambie ikiharibika. Na nakubali pia, shingo upande, kwamba sheria haifiki zile besmenti za kimyakimya ambazo hazijasajiliwa popote, ambako ndiko wengi wetu tunaanzia. Hiyo ndiyo lawama yangu kwa serikali, sio hii ya kaka yangu.

Na lugha. Mwaka 2006, Desemba, dhoruba ya upepo ilikata umeme kule Seattle, Marekani, na maeneo ya jirani kwa watu zaidi ya milioni, wahamiaji wakaingiza majiko ya mkaa na jenereta ndani kujiokoa na baridi, mamia wakaugua na wengine wakafa. Gazeti la Seattle Times likachapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali ikiwemo. Walielewa kwamba aliyekulia mkaa anahitaji kuambiwa kwa lugha aliyofundishiwa kwamba mkaa mwekundu ni salama. Jimbo la Washington likatunga sheria ya alamu 2009. Sisi hapa kidude kinaongea Kiingereza na Kifaransa, na bibi aliyekuja kulea wajukuu anasikia kelele tu. Kwa hiyo mwambie mwenyewe leo: milio minne, kimya, milio minne, beba mtoto toka nje. Mlio mmoja mmoja, mwambie baba abadilishe betri au anunue kingine.

Yote haya niliyaandika kwenye grupu pia, kwa ufupi. Yule kaka hajajibu. Lakini mama mmoja, mtu mzima, anakaa na binti yake na wajukuu watatu, kanitumia picha kwa pembeni: "mwanangu, sisi tunacho, angalia." Kweli wanacho, kiko ukutani, kimefutwa vumbi. Nikamwomba akigeuze anipigie picha nyuma. Kimetengenezwa 2013. Hivi vitu vinaishi miaka 7 mpaka 10, hicho kilishakufa zamani, kinaning'inia tu. Nimempigia simu, nimeongea na binti yake, wamempigia mwenye nyumba na amesema ataleta wiki ijayo. Wiki ijayo ni mbali. Jumamosi asubuhi nawapitia tunaenda dukani, na huyo mwenye nyumba atarudisha hela.