Samarra: mji wa miaka 56 kupima umri wa vigae vya Manda

Mwaka 836 khalifa al-Mu'tasim aliihama Baghdad. Askari wake wa Kituruki walikuwa hawapikiki chungu kimoja na wenyeji, basi akawapeleka kaskazini, kando ya Mto Tigris, akajenga Samarra. Ilipofika 892 ukhalifa ulisharudi Baghdad, na makasri yakaachwa yaporomoke.

Kwa wanaakiolojia hiyo ni bahati ya mtende. Ernst Herzfeld alichimba hapo kati ya 1911 na 1913, akapata vyombo vyeupe vya kung'aa, vingine vyenye mmeto kama wa shaba, na vya China pia. Hesabu ikawa nyepesi: mji una mwanzo na mwisho, basi na vyombo vyake ni vya miaka hiyo 56. Tangu hapo kigae, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, cha aina hiyo, popote kilipofukuliwa, kilikuja na tarehe yake. Hata huku kwetu. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliposema Manda, katika visiwa vya Lamu, ilianza karne ya 9, alitegemea sana vyombo vya ng'ambo.

Ila Samarra haikufa 892. Maimamu wa Kishia Ali al-Hadi na mwanawe Hasan al-Askari wamezikwa pale, mazuwari hawajaacha kwenda, na watu wanaishi hapo hadi leo. Walivunja vyombo vyao na wao! Tena Herzfeld alishughulikia kuta na mapambo ya plasta kuliko matabaka ya udongo yanayoonyesha kipi kilitangulia kipi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia makasha yake yalichukuliwa London, vitu vikatawanywa katika makumbusho mbalimbali.

Hata hivyo sioni sababu ya kuitupa Samarra yote. Swali ni kigae kimetoka upande gani. Khalifa al-Mutawakkil alianza mji wake mpya nje kidogo, upande wa kaskazini, mwaka 859. Akauawa 861, ukahamwa. Cha huko nitakiamini kuliko kilichookotwa karibu na makaburi ya maimamu. Na kwa pwani yetu naona afadhali njia ya mwanaakiolojia Mark Horton kule Shanga, kisiwani Pate, aliyefuata misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, tabaka kwa tabaka. Hapo kigae cha Iraki ni shahidi mmoja tu kati ya wengi, na anaweza kuhojiwa.