Mti wa kitabuni na diski ya kweli

Laptopu yangu ina diski ya gigabaiti 500. Siku moja, kivinjari cha mafaili (programu ya kufungulia na kupangia mafolda) nilichokiandika mwenyewe kwa Java kiliniambia, bila hata kuona haya, kwamba folda yangu ya nyumbani ina terabaiti 128. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi zilikuwa terabaiti 256, na namba bado inapanda.

Nilikuwa nimekijenga kama tulivyofundishwa. Faili ni kitu, folda ni kitu, na vyote viwili hujibu swali lilelile: una ukubwa gani? Faili hutaja ukubwa wake. Folda huwauliza watoto wake, kisha hujumlisha. Mistari 30 haifiki, na ukiisoma unajisikia fundi. Tatizo lilijificha kwenye folda ya Wine, ile programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Wine huweka humo kiungo kiitwacho z: kinachoelekeza kwenye mzizi wa mfumo mzima. Kivinjari changu kikaingia hapo, kikatokea mzizini, kikashuka hadi /proc, ambako kerneli, kiini cha mfumo endeshi, huonyesha faili la kubuni liitwalo kcore. Hilo halikalii hata baiti moja ya diski, lakini ukiliuliza ukubwa linajibu terabaiti 128 hivi. Kutoka hapo kikarudi nyumbani kwangu, kikakikuta kiungo kilekile, kikaingia tena.

Muundo ule wa faili na folda una jina: Kompoziti. Ni mojawapo ya ruwaza 23 za usanifu, yaani njia zilizozoeleka za kupanga msimbo, walizozikusanya Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides kwenye kitabu chao cha mwaka 1994, na tangu hapo ni nadra kumkuta aliyesomea uhandisi wa programu asiyezisikia. Majina ya Kiswahili hayajatulia, kwa hiyo humu nitasema Amri, Adapta, Mtazamaji na Mgeni, na maana zake zitajitokeza njiani. Kivinjari cha mafaili kinapendwa sana na walimu wa somo hili. Vlissides mwenyewe aliwahi kuutumia mfumo wa mafaili kuonyesha ruwaza kadhaa zinavyoshikana. Inaeleweka. Kila mwanafunzi ameshafungua folda, na kila ruwaza inaonekana kupata pa kukaa.

Je, anayejenga kivinjari cha kutumiwa na watu, si cha kupatia maksi, aanze na ruwaza hizo au azitupe? Nimewahi kuwa kambi zote mbili.

Nianze na Amri, maana hapo watetezi wana haki kabisa. Ruwaza hii inasema: mtumiaji akibofya "nakili", usikimbilie kunakili. Tengeneza kwanza kitu kinachoiwakilisha kazi hiyo, kinachojua inatoka wapi, inaenda wapi, imefikia wapi na inatenguliwaje. Inaonekana urasimu mtupu, mpaka uchomeke flashi. Kuhamisha filamu ya gigabaiti tatu kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile ni kubadilisha jina tu. Inaisha kabla hujainua kidole. Kuihamishia kwenye flashi ni kazi nyingine. Mfumo endeshi hukataa kubadilisha jina kuvuka diski, kwa hiyo kivinjari lazima kinakili baiti zote, kihakikishe zimefika, ndipo kifute ya asili. Mtu akiichomoa flashi katikati? Kama msimbo wa kunakili umeutawanya ndani ya vitufe, huna wa kumuuliza. Ukiwa na Amri unajua ilikomea wapi: unaweza kuisimamisha, kuianza upya, au kuipanga foleni nyuma ya nyingine ili kazi tano zisigombanie flashi moja. Kitufe, menyu na Ctrl+V vyote huita kitu hichohicho kimoja. Sijaona kivinjari kizuri kinachoweza kuishi bila kitu cha namna hii, wawe waliokiandika wameliita jina hilo au hawajaliita.

Adapta, yaani mkalimani kati ya programu na chanzo cha mafaili, nayo inalipa. Mtumiaji anataka kufungua simu yake, seva ya ofisini na faili la zip kwa dirisha lilelile analofungulia folda ya kawaida. KDE, mojawapo ya mazingira ya dezktopu ya Linux, hufanya hivyo kwa KIO, ambamo kila aina ya chanzo ina mtumishi wake anayetafsiri maombi. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba watumishi hao huendeshwa nje ya kivinjari chenyewe: seva ikigoma, anayening'inia ni mtumishi, dirisha linabaki hai. Hata hivyo Adapta huficha tofauti, na tofauti nyingine hazifai kufichwa. Simu iliyounganishwa kwa MTP, njia ya simu kupeana mafaili na kompyuta, haikuruhusu kurekebisha katikati ya faili kama diski inavyokuruhusu. Kwa kawaida unalichukua zima na kulirudisha zima. Kivinjari kinachojifanya simu ni diski kitakuja kumuumbua mtumiaji siku atakapofungua waraka moja kwa moja kutoka kwenye simu, auhariri, kisha abonyeze hifadhi.

Mtazamaji nampa nusu. Wazo lake ni kwamba kitu kikibadilika, kinawaarifu waliojiandikisha. Faili jipya likiingia, dirisha lijichore lenyewe bila mtu kubonyeza F5. Linux imekuwa na inotify kwa kazi hiyo tangu kerneli 2.6.13 ya mwaka 2005. Sasa soma masharti yake. Inotify huangalia folda moja moja, haishuki kwenye folda za ndani. Idadi ya folda ambazo mtumiaji mmoja anaweza kuziangalia ilikuwa kwa miaka mingi na kikomo cha kawaida cha 8192, ambacho folda moja ya mradi wa wavuti inaweza kukimaliza. Mabadiliko yaliyofanywa na kompyuta nyingine kwenye diski ya mtandao hayakufikii. Na foleni ya taarifa ikijaa, zilizobaki hutupwa, ukaachiwa ujumbe mmoja kwamba kuna zilizopotea. Mtazamaji wa kitabuni anaishi dunia ambayo kila barua hufika. Wa kivinjari anatakiwa kuichukua kila taarifa kama tetesi: imesemwa kuna jambo huko, nenda kaangalie mwenyewe. Umbo ni lilelile, lakini programu unayoiandika ni nyingine.

Hapo ndipo ninapoona mstari wa kugawia ruwaza hizi, na sijausikia ukisemwa darasani. Kila ruwaza ina dhana ya kimyakimya kuhusu mwenye mali. Kompoziti inachukulia kwamba mti ni wako: umeuumba wewe, uko kwenye kumbukumbu ya programu yako, haubadiliki hadi wewe uubadilishe. Amri na Adapta hazidai hivyo. Zimezaliwa kwa ajili ya kushughulika na kitu kilicho mikononi mwa mwingine. Kivinjari cha mafaili hakimiliki chochote. Diski ni ya mfumo endeshi, na wakati wewe unachora orodha, programu nyingine kumi zinaandika, zinafuta na kubadilisha majina.

Ukiisoma Kompoziti kwa jicho hilo, balaa langu la terabaiti 128 halishangazi. Diski si mti. Ina viungo vinavyorudi nyuma, ina mafaili ya kubuni, ina folda usizoruhusiwa kuingia, ina faili lililokuwepo ulipoorodhesha na ambalo halipo unapoliuliza. Unaweza kuziba matundu hayo moja moja, nami niliyaziba: kumbuka folda ulizopita, ruka viungo, kamata makosa. Mwishowe ile mistari 30 ikawa 200, na kilichobaki cha ruwaza ni jina la klasi.

Kuna na suala la mwendo. Kompoziti humfanya kila mtoto ajijibie, maana yake ni swali moja kwa mfumo endeshi kwa kila faili. Waliotengeneza Python waliliona hilo. Kazi yao ya kutembea kwenye folda ilikuwa ikiuliza faili moja moja kama ni folda au siyo, ilhali mfumo endeshi ulikuwa umeshataja jibu wakati wa kuorodhesha. Katika toleo la 3.5 la mwaka 2015 wakaongeza scandir, inayolishika jibu hilo pale linapotajwa, na vipimo vyao vikaonyesha kasi ya mara 8 hadi 9 kwenye Windows na mara 2 hadi 3 kwenye Linux. Hakuna aliyeandika msimbo wa ajabu. Waliacha tu kuwauliza watoto kile ambacho mama alishakisema.

Mtetezi wa Kompoziti atanijibu kwamba nimeitumia mahali pasipo pake, na ana haki kwa kiasi fulani. Ukitengeneza kihariri cha picha, ambamo duara na kundi la maduara ni mali yako, ruwaza hiyo ni tamu kweli. Mfano uliokuwa kwenye kitabu cha mwaka 1994 ulikuwa wa michoro. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliohamishia mfano kwenye mafaili kwa kuwa ni rahisi kuueleza ubaoni.

Mgeni nitampitia haraka. Ni kazi inayotembezwa kwenye kila faili na folda: mgeni ambaye kila nyumba inatakiwa imjengee mlango wake kabla hajafika. Java iliingiza sura yake rasmi kwa mafaili katika toleo la 7 la mwaka 2011, na angalia kilichoongezwa: mbali na kutembelea faili, kuingia folda na kutoka folda, kuna mbinu ya nne ya kuitwa pale faili linaposhindikana kufunguliwa. Viungo havifuatwi mpaka uombe, na ukiomba, kiungo kinachorudi nyuma kinagunduliwa. Anayeandika hivyo ameshaumwa na diski. Katika Python kazi hiyohiyo ni kitanzi cha kawaida cha for, wala hakuna anayemwita mgeni. Mwaka 1996 mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig alionyesha kwamba ruwaza 16 kati ya zile 23 hurahisika au kutoweka kabisa katika lugha kama Lisp na Dylan. Wapinzani wa ruwaza hulitaja hilo kama ushindi. Mimi naona linapunguza thamani ya michoro na klasi, ila halipunguzi thamani ya kujua kwamba kunakili ni kazi inayohitaji kukumbukwa, kusimamishwa na kutenguliwa. Andika Amri kama fankisheni ukitaka. Flashi itachomolewa vilevile.

Kwa hiyo kama unajenga kivinjari leo, ushauri wangu umeegemea upande mmoja. Weka Amri tangu siku ya kwanza. Adapta iongeze pale chanzo cha pili kinapokuja, si kabla. Mtazamaji mtumie ukiwa humwamini. Kompoziti iache darasani. Weka orodha ya folda moja iliyo wazi mbele ya mtumiaji, na uisome upya kila unaposhuku.

Imebaki Kumbukumbu, ruwaza ya kutunza hali ya zamani ili uweze kuirudia. Kwa kitabu, hali hiyo hukaa ndani ya programu. Kwenye Linux, faili ulilolifuta kwenye flashi huhamia ndani ya flashi hiyohiyo, katika folda ya .Trash-1000, ambayo 1000 ni namba ya mtumiaji. Ndiyo maana unafuta na nafasi haiongezeki. Mwezi uliopita nilipeleka flashi steshenari kuchapa barua, kijana wa pale akaifungua kwenye Windows, akaiona folda hiyo, akauliza kama ni kirusi. Nikamwomba aingie. Ndani kuna folda mbili: files, lenye mafaili yenyewe, na info, lenye maelezo. Akafungua moja la maelezo kwa Notepad: mstari unaotaja lilipokuwa, na mstari wa tarehe na saa lilipofutwa. Basi. Kivinjari kilichofuta hakikuwepo, Linux yenyewe haikuwepo, na barua niliyokuwa nimeifuta kwa makosa ilikuwa mle kwenye files. Akaiburuta kwenye dezktopu.

"Nakala ngapi, kaka?"